Mtoto wa Kokwet na Mashine Isemayo

Kila baada ya miezi michache tunatangaziwa kwamba mashine fulani imempita binadamu kwa akili. Mwezi Mei 1997 kompyuta ya kampuni ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa sataranji duniani, mjini New York. Mwezi Machi 2016 ikawa zamu ya Lee Sedol wa Korea Kusini, aliyeshindwa katika mchezo wa Go mara nne kwa moja. Mwezi Machi 2023 kampuni ya OpenAI ikatangaza kwamba mtambo wake wa GPT-4 ulifanya mtihani wa wanaotaka kuwa mawakili nchini Marekani na kupata alama za kuuweka miongoni mwa asilimia 10 ya watahiniwa bora. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Iliyofuata haikuenea sana: mtafiti aliyeyachunguza madai hayo upya alionyesha kwamba mtambo ulilinganishwa na kundi lililojaa watu waliokwisha kuanguka mtihani huo na kuurudia. Ukilinganishwa na waliofaulu peke yao, sifa zile hupungua sana.

Mkulima wa majani chai hapa Merigi asingeshangaa. Afikapo kituoni na mzigo wake, jicho lake haliendi kwanza kwenye kilo. Huenda kwenye mizani, kisha kwa aliyeishika. Anajua kwamba nambari haiji peke yake, na kwamba kilo mbili zilizopotea hazikupotelea njiani. Ningependa tuichukue tabia hiyo njema na kuipeleka mbele ya hizi mashine, kwa maana huko karibu kila mtu hutazama kilo na wachache mno huitazama mizani.

Tuanze na jina lenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Sisi Wakenya tumezoea kusema akili bandia. Ndugu zetu wa Tanzania utawasikia wakisema akili unde, na wengine akili mnemba. Si tofauti ya lahaja tu. Noti bandia ni ile inayojifanya noti halali. Hukumu yake imo ndani ya jina. Kitu kikiitwa bandia, tayari umekwisha kukisimamisha kando ya kile cha kweli na kuuliza kimefanana nacho kwa kiasi gani. Kilichoundwa hakina mzigo huo. Jahazi limeundwa, na hakuna fundi wa Lamu anayelipima kwa kuliweka ubavuni mwa papa. Hulipima kwa shehena, kwa upepo na kwa mawimbi. Kwa hiyo, kabla hatujauliza swali lolote, neno tulilolichagua limekwisha kutuelekeza kwenye ulinganisho na binadamu. Nami nitalitumia neno hilo hilo, kwa sababu wasomaji wamelizoea, ila nawaomba wakumbuke limetupeleka wapi.

Ulinganisho wenyewe una historia. Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing aliandika makala katika jarida la Mind akipendekeza kwamba badala ya kubishana iwapo mashine inaweza kufikiri, tufanye mchezo: mwulizaji aandikiane na mtu na mashine bila kuwaona, na akishindwa kumtambua mtu ni yupi, basi mashine imefaulu. Pendekezo hilo lilikuwa la busara kwa zama zake. Lakini angalia linapima nini. Linapima maneno, tena maneno yaliyoandikwa, kati ya watu wawili wasioonana. Mikono haimo, wala macho, wala kazi inayongoja kufanywa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alionyesha jinsi kizingiti hicho kilivyo chini: programu yake ndogo ya ELIZA, iliyokuwa ikigeuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, iliwafanya watu wazima waifungulie mioyo yao. Na mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliripoti kwamba mtambo wa kisasa ulioelekezwa kuigiza mtu wa aina fulani ulidhaniwa kuwa ndiye binadamu katika asilimia 73 ya majaribio, yaani mara nyingi kuliko binadamu halisi aliyekuwa akishindana nao. Ikiwa mashine inaweza kuwa mtu kuliko mtu, bila shaka mizani ndiyo yenye kasoro.

Sasa njoo nyumbani. Msomaji wa kaunti hizi mbili, Kericho na Bomet, huenda hajui kwamba mojawapo ya tafiti zenye manufaa makubwa kuhusu jambo hili ilifanywa katika nchi hii yetu, miaka mingi kabla ya mtu kuota GPT. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Sara Harkness na Charles Super, waliishi na jamii ya wakulima wa Kipsigis katika eneo wanaloliita Kokwet katika maandishi yao. Walitaka kujua watoto hukuaje na hupimwaje. Walifanya jambo rahisi ambalo wapimaji wengi hulisahau: waliwauliza wazazi wenyewe mtoto mwenye akili ni yupi.

Jibu walilopewa kila Mkipsigis analijua. Mtoto mwenye akili ni ng'om. Lakini mtoto ng'om si yule ajibuye maswali upesi. Ni yule ambaye, chakula kikiisha, hafanyi mpaka aambiwe: huona vyombo akaviosha, huona sakafu akaifagia, humsikia mdogo wake akilia akaenda kumbeba. Ni anayeona linalotakiwa na kulitenda. Wazazi hao walikuwa wamekwisha kuijua shule, hivyo wakatenganisha: kuna ng'om en ga, yaani mwenye akili ya nyumbani, na kuna ng'om en sukul, mwenye akili ya shuleni. Walieleza bila kutatizika kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa na hii akaikosa ile. Hakuna profesa aliyewafundisha tofauti hiyo.

Halafu likaja jaribio. Mtoto husimuliwa hadithi fupi na mtu mzima, kisha huombwa aisimulie tena. Huko Marekani hicho ni kipimo cha kawaida. Watoto wengi wa Kokwet, hasa wadogo, walinyamaza au wakatoa neno moja mawili. Mwaka 1977 watafiti hao walichapisha makala iliyouliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa, na jibu lao halikuwa upungufu wa akili. Lilikuwa lugha. Katika nyumba zile mama huzungumza na mtoto mdogo zaidi kwa kumtuma na kumwagiza, na mtoto huonyesha kwamba ameelewa kwa kutenda, si kwa kueleza. Kusimama mbele ya mkubwa mgeni na kumwaga maneno si akili, ni utovu wa adabu. Mtoto aliyenyamaza mbele ya mpimaji ndiye yule yule aliyekuwa akichunga ndama na kulea mtoto mchanga mama akiwa shambani.

Super alionyesha jambo jingine la kufurahisha. Watoto wachanga wa Kipsigis waliwahi kuketi na kutembea kuliko wenzao wa Marekani, lakini hawakuwahi kutambaa. Sababu ni kwamba mama zao waliwafundisha kuketi na kutembea kwa makusudi, na kutambaa hawakufundishwa. Basi mtoto wa Kokwet yuko mbele au yuko nyuma? Itategemea umechagua kukipima kitu gani.

Sasa waweke hawa wawili pamoja. Mtoto wa Kokwet hutenda sana na husema kidogo. Mashine tuliyoundiwa husema sana, na nje ya maneno haina linaloihusu. Mtihani wa kueleza humwangusha wa kwanza na kumpa wa pili alama zote. Hilo ni kosa la aina moja lililofanywa mara mbili, pande mbili zinazopingana: katika hali zote mbili tumeyachukua maneno kuwa ndiyo akili. Mzee mmoja jirani yetu, aliyemwona mjukuu wake akiuliza simu kila kitu, aliniuliza: "Mwalimu, hii nayo ni ng'om?" Nilimjibu kwamba ni ng'om en sukul, tena wa daraja la juu kabisa. Alifikiri kidogo akasema, "Basi wa nyumbani bado mnamtafuta."

Kuna watakaosema kwamba nayakuza mambo, kwamba kipimo kibaya hakimdhuru mtu. Historia ya Kenya inasema vingine. Mwaka 1932 R. A. C. Oliver alichapisha hapa nchini mtihani wa akili uliotengenezwa kwa ajili ya Waafrika, na ulinganisho na wanafunzi wa Kizungu haukukawia. Katika miaka hiyo hiyo daktari H. L. Gordon wa Nairobi alikuwa akieneza madai kwamba ubongo wa Mwafrika ni pungufu kwa maumbile. Mwaka 1934 F. W. Vint alichapisha matokeo ya kupima bongo za marehemu Waafrika, akadai kwamba ubongo wa mtu mzima hapa umefikia pale alipofika mtoto wa Kizungu wa miaka saba au minane. Huo haukuwa mchezo wa maabara. Ulikuwa wakati ambapo walowezi na serikali walikuwa wakibishana ni elimu kiasi gani Mwafrika anastahili kugharimiwa. Nambari zilitafutwa kwa ajili ya kuamua nani apewe na nani anyimwe. Sisemi kwamba wanaopima mashine leo wana nia kama hizo. Nasema tu kwamba nchi iliyopitia hayo ina haki ya kushuku mizani ya akili iliyotengenezwa kwingine, hata pale inapotumiwa kumpima asiyekuwa mtu.

Tuzitazame basi mizani zenyewe. Mojawapo ya zilizotumiwa mno ni mtihani uitwao MMLU, uliotolewa mwaka 2020, wenye masomo 57 na maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne, kama ile mitihani ya darasa la nane tuliyoifanya enzi zetu. Mwaka 2024 watafiti walioufasiri na kuukagua kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, waligundua kwamba miongoni mwa maswali yanayohitaji kujua mahali fulani duniani, zaidi ya asilimia 80 yalihusu Amerika Kaskazini au Ulaya. Mwaka huo huo kundi jingine, wengi wao watafiti wa Kiafrika, lilitoa mitihani kwa lugha 17 za bara hili na kuonyesha pengo kubwa kati ya alama za mashine kwa Kiingereza na alama zake kwa lugha zetu. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Kikalenjin hakikuwemo.

Na mtihani ukiwa wazi kwa kila mtu, unavuja. Wakenya hatuhitaji kufundishwa maana ya hilo. Tunaikumbuka KCSE ya mwaka 2015, na jinsi bodi ya baraza la mitihani ilivyovunjwa mwezi Machi 2016. Mashine hizi hulishwa maandishi mengi mno yaliyomo kwenye intaneti, na maswali ya mitihani, pamoja na majibu yake, mara nyingi yamo humo humo. Mtahiniwa aliyeiona karatasi usiku wa jana hatumpi hongera. Twafuta matokeo yake. Kwa mashine, matokeo hutangazwa na bei ya hisa hupanda.

Mfaransa François Chollet alilieleza vizuri jambo hili mwaka 2019. Kwa maoni yake, ustadi na akili ni vitu viwili: ustadi unaweza kununuliwa kwa kulisha mashine mifano isiyo na idadi, ila akili ni uwezo wa kujifunza jambo jipya kwa mifano michache. Mwanaisimu hawezi kulipinga hilo. Mtoto anapotimiza miaka 13 huwa amesikia maneno yasiyozidi milioni 100 hivi, na muda mrefu kabla ya hapo amekwisha kuimudu lugha yake. Mtambo wa Llama 3 wa kampuni ya Meta, uliotolewa mwaka 2024, ulilishwa zaidi ya vipande vya maneno trilioni 15. Chukua ngeli za Kiswahili: mtoto wa Mombasa hajafikisha umri wa kwenda shule na tayari husema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, bila kupewa kanuni hata moja. Ukiwapa alama sawa yeye na mashine kwa sentensi hiyo, umekataa kuuliza kila mmoja ametumia nini kuifikia. Ni kama kusema kwamba aliyepanda mlima kwa miguu na aliyepanda kwa gari ni wapandaji sawa, kwa kuwa wote walionekana kileleni.

Kwa lugha yetu ya hapa nyumbani tatizo ni zito zaidi, na nitalieleza kwa sababu sijaliona likielezwa magazetini. Katika Kikalenjin toni hufanya kazi ya sarufi. Kitenzi hutangulia, na nomino inapokuwa mtenda hubadilika kwa toni, si kwa herufi. Msikilizaji husikia mara moja nani amempiga nani. Lakini maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi toni. Kwa hiyo hata yale machache tuliyoyaandika yameacha nje kile ambacho sikio la mtoto wa Merigi hukipata akiwa bado mgongoni. Mashine inayojifunza kutokana na maandishi haijakisoma kwa sababu hakijaandikwa. Halafu ikijibu vibaya kwa Kikalenjin, husemwa kwamba lugha ni duni au data ni haba. Kwa nini isisemwe kwamba mwanafunzi huyu alisoma bila masikio?

Nimesema mambo ya lugha, lakini katika nchi hii ya chai ulinganisho wa mtu na mashine una damu ndani yake. Mwezi Mei 2023 waandamanaji huko Kericho walichoma mashine za kuchumia majani chai, na angalau mtu mmoja akapoteza maisha. Jopokazi la kaunti mwaka huo lilikadiria kwamba nafasi za kazi zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea Kericho katika muda wa miaka kumi. Kwa kipimo cha kilo kwa siku, mchumaji hana lake mbele ya mashine, na hakuna atakayebishana nalo. Lakini mchumaji hakufunzwa kilo peke yake. Alifunzwa majani mawili na chipukizi, kuliacha lililokomaa, kuliepuka bovu, kuujua mti uliochoka. Jicho na vidole hufanya uamuzi mmoja baada ya mwingine mchana kutwa. Mashine hukata usawa mmoja, lote lililo juu ya wembe likaingia mfukoni. Aliyeamua kwamba kilo ndiyo kipimo ndiye aliyeamua nani ameshinda, na aliamua kabla ya shindano kuanza. Hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa karani, kwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa mfasiri na kwa msomaji wa habari. Kwanza kazi yao itapunguzwa ikawa kile kinachopimika kwa urahisi, kisha mashine italetwa ishindane na hicho kilichobaki.

Si kwamba hakuna njia bora. Ipo, tena imejaribiwa Nairobi. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 15 za Penda Health, uliohusu ziara 39,849 za wagonjwa. Mashine haikupewa mtihani wa udaktari ili ishindane na tabibu. Ilikaa kando ya tabibu, ikisoma anachoandika na kumwonya inapoona hatari, huku uamuzi ukibaki kwake. Kisha wakalinganishwa matabibu waliokuwa nayo na wasiokuwa nayo. Waliokuwa nayo walifanya makosa machache zaidi: asilimia 16 pungufu katika kutambua magonjwa na asilimia 13 pungufu katika matibabu. Hili ni swali linalofaa, limeulizwa mahali panapofaa, juu ya kazi yenyewe. Hata hivyo, mkulima wetu angetazama mizani tena: OpenAI, iliyotengeneza mtambo, ilikuwa miongoni mwa waliofanya utafiti, na tofauti ya wazi katika kupona kwenyewe kwa wagonjwa haikuthibitika. Hayo hayabatilishi matokeo. Yanadai tu kwamba awamu nyingine ipimwe na mtu asiyeuza bidhaa.

Mwezi Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa akili bandia wa hadi mwaka 2030. Mikakati tunayo mingi, na sina haja ya kuukaribisha au kuulaani huu. Ninachokitaka kutoka kwa wizara ni kidogo na chaweza kufanywa: idara yoyote ya umma isinunue mtambo wa kutoa ushauri wa kilimo, wa tiba au wa masomo kwa kuonyeshwa alama za mtihani wa ng'ambo. Mtambo upelekwe kwanza kwenye kazi utakayoifanya, mahali utakapoifanyia, kwa lugha ya watakaoutumia, na wapimaji wawe hao. Ukitakiwa kumshauri mkulima, basi mkulima aulize maswali yake mwenyewe kwa Kipsigis, kuhusu mbolea aliyoletewa, mvua iliyochelewa na bonasi iliyopungua, na afisa wa kilimo wa kaunti ndogo na mkulima mkongwe wayakague majibu, likiwemo lile ambalo mashine haikulijua ikalijibu kwa ujasiri. Yahesabiwe makosa na kila kosa lingemgharimu mkulima kiasi gani.

Na vyuo vikuu vyetu, badala ya kuandaa kila muhula makongamano ya kujadili iwapo mashine itatupita, vifadhili kazi ya kurekodi sauti. Wako wazee Merigi, Longisa, Sotik na Litein wanaoweza kusema kwa saa nzima jinsi ya kumtambua mtoto ng'om, kwa toni zote ambazo maandishi yaliziacha. Vinasa sauti vya kazi hiyo havina gharama ya kutisha. Wanafunzi wa kuvishika tunao, wengi wao wakirudi vijijini mwao kila likizo bila la kufanya, na wazee wenyewe hawatungoji.